Siku moja Kent: Canterbury, Dover au Chatham?

Mgeni akifika London na kutaka kuona Uingereza ya zamani nje ya jiji, mimi humpeleka Kent. Ni kaunti ya kusini mashariki, na mlangobahari unaoitenga na Ufaransa una upana wa kilomita 33 tu pale ulipo mwembamba. Ndiyo maana karibu kila kilichovuka kutoka bara la Ulaya kilipita hapa kwanza: Warumi, Ukristo, mahujaji, majeshi. Ila mgeni mara nyingi ana siku moja tu, na akiuliza huambiwa aende Canterbury, basi, kama vile hakuna kwingine.

Naishi Gillingham, ndani ya Kent hiyohiyo, na sehemu hizi tatu nimezitembelea na wageni wa kila aina: wazee, watoto, mapadri, vijana wa chuo. Msimamo wangu nautanguliza ili usomaji wako uwe mwepesi. Kwa Mswahili, na hasa mtu wa pwani, ningeanza Chatham pamoja na Rochester iliyo jirani yake. Kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya kanisa, Canterbury haina mpinzani. Dover ni ya mwenye miguu mizima na siku yenye jua.

Canterbury

Mwaka 597 mtawa Augustine, aliyetumwa na Papa Gregori kutoka Roma, alishuka Kent na wenzake wapatao 40. Mfalme Ethelbert alikuwa bado hajabatizwa, lakini mkewe Bertha, binti wa kifalme wa Wafaranki, alikuwa Mkristo tayari na alikuwa na kikanisa chake nje kidogo ya mji. Kikanisa hicho, St Martin, kipo hadi leo na bado kinasaliwa. Kuta zake zina matofali ya Kirumi mekundu, membamba, yaliyochomekwa katikati ya mawe. Watalii wengi hawafiki. Wanaishia kanisa kuu, ilhali ni mwendo wa robo saa tu kwa miguu. Kwangu mimi hicho ndicho kitu kinachogusa moyo kuliko vyote Canterbury: mwanamke mgeni, katika nchi ya mumewe, akishika sala zake mpaka nchi nzima ikamfuata. Hakifunguliwi kila siku, kwa hiyo ulizia kabla ya kutoka nyumbani.

Kanisa kuu lenyewe linabebwa na kisa cha mauaji. Thomas Becket alikuwa rafiki wa Mfalme Henry II, naye mfalme akampa uaskofu mkuu akitumaini kupata mtu wake ndani ya kanisa. Haikuwa hivyo. Walikosana juu ya makasisi wanaotenda uhalifu: wahukumiwe na mahakama ya mfalme au ya kanisa? Tarehe 29 Desemba 1170, wapiganaji wanne wa mfalme walimuua Becket ndani ya kanisa lake. Mwaka 1173 akatangazwa mtakatifu, na mwaka uliofuata mfalme mwenyewe akaingia Canterbury miguu mitupu na kuchapwa fimbo na watawa kama toba.

Kaburi lake likawa mahali pa hija mpaka mwaka 1538, Henry VIII alipoamuru livunjwe. Leo pale lilipokuwa pana mshumaa mmoja unaowaka juu ya sakafu tupu. Ukienda, usikimbilie huo mshumaa. Simama kwanza kwenye ngazi za mawe zinazopanda kuelekea huko, uinamishe kichwa uzitazame. Kila kidato kimebonyea katikati kama jiwe la kunolea visu lililotumika na vizazi. Miguu na magoti ya mahujaji ndiyo yaliyolila jiwe hilo. Nimewahi kumwona padri mmoja wa kwetu akipitisha kiganja ndani ya bonde la kidato, taratibu, bila kusema neno.

Kwa Waanglikana, iwe wa Dodoma, Mombasa au Kampala, hapa ndipo shina la kanisa lao kihistoria. Mwishoni kabisa mwa jengo kuna kikanisa cha watakatifu na mashahidi wa zama zetu, na miongoni mwa wanaokumbukwa humo ni Janani Luwum, askofu mkuu wa Uganda aliyeuawa mwaka 1977 wakati wa utawala wa Idi Amin. Waganda niliowapeleka hawakutegemea kulikuta jina hilo huko. Mweleze mgeni wako mapema, au mwache alikute mwenyewe. Yote mawili yana uzito wake.

Udhaifu wa Canterbury ni msongamano. Barabara ya kutoka stesheni hadi lango la kanisa imejaa maduka ambayo ungeyakuta mji wowote wa Uingereza, na siku za likizo makundi ya wanafunzi hujaza njia. Kiingilio si kidogo kwa familia yenye watu watano. Ila ibada ya jioni, inayoimbwa na kwaya, haina kiingilio. Anayetaka kulisikia jengo likifanya kazi yake, badala ya kulitazama tu, aje saa hiyo.

Dover

Ngome ya Dover na kaburi la Canterbury ni kisa kimoja, na watu wengi hawalijui hilo. Mwaka 1179 Mfalme Louis VII wa Ufaransa alivuka bahari kwenda kumwombea mwanawe mgonjwa kwenye kaburi la Becket. Henry II akalazimika kumpokea Dover, mahali ambapo hapakuwa na jengo la kumstahi mfalme mwenzake. Miaka iliyofuata akajenga mnara mkuu unaouona sasa, wenye kuta ambazo sehemu nyingine unene wake hupita mita 6. Ulikuwa mnara wa vita, ndiyo, lakini pia baraza la kupokelea wakubwa waliokuja kuhiji kwa mtu ambaye mfalme huyohuyo alisababisha kifo chake. Vyumba vyake vimepambwa upya kama enzi hizo, rangi kali kwelikweli, nyekundu na buluu na kijani, na watoto huzipenda.

Ndani ya uwanja huohuo kuna mnara wa taa wa Kirumi, umesimama ubavuni mwa kanisa la kale. Warumi waliuwasha kuongoza merikebu zao kuingia bandarini. Ni mbovu kwa juu, umetoboka, lakini kuugusa kwa mkono ni jambo ambalo Canterbury haikupi.

Halafu kuna mahandaki. Yalianza kuchimbwa ndani ya jabali la chaki mwishoni mwa karne ya 18, Waingereza walipohofia kuvamiwa na Wafaransa, na mwaka 1940 Admirali Bertram Ramsay aliongozea humo uokoaji wa wanajeshi waliozingirwa na Wajerumani huko Dunkirk, Ufaransa. Kati ya tarehe 26 Mei na 4 Juni waliokolewa wanajeshi 338,226, kwa manowari na kwa boti za kila namna. Maonyesho yake ni ya sauti na picha kubwa ukutani, gizani. Wapo wanaoyasifu sana. Mimi naona yanasema mno, na ningependa handaki liachwe liseme lenyewe.

Kilima ndicho kikwazo. Kutoka stesheni ya Dover Priory ni karibu nusu saa ya kupanda, na ukifika, ngome yenyewe nayo ina miinuko. Mwenye goti bovu apande teksi. Siku ya ukungu huoni Ufaransa, na upepo wa juu pale ni wa kukata masikio hata mwezi wa tano. Siku ya jua ni mahali pa kukaa mpaka jioni, hasa ukiongeza matembezi juu ya majabali meupe.

Rochester na Chatham

Hizi ni miji miwili iliyoshikana kando ya mto Medway, na treni ya kasi kutoka stesheni ya St Pancras, London, hufika Rochester kwa chini ya dakika 45. Kiutawala zina halmashauri yao tangu 1998, lakini kihistoria ni Kent. Mwaka huohuo Rochester ilipoteza hadhi ya kuitwa jiji, hadhi iliyokuwa nayo kwa karne nyingi, kwa sababu tu taratibu za kuilinda hazikufuatwa wakati halmashauri zilipounganishwa. Wenyeji bado linawauma, na wana haki.

Ngome ya Rochester ni gofu, haina paa wala sakafu, mbayuwayu na njiwa ndio wenyeji. Nayo nitaieleza kwa kona moja tu. Mnara una kona tatu za mraba na moja ya mviringo. Mwaka 1215 waasi walijifungia humo dhidi ya Mfalme John. Mfalme akachimba handaki chini ya kona, akalishikiza kwa magogo, kisha akaandika kwa ofisa wake Hubert de Burgh apelekewe haraka, usiku na mchana, nguruwe 40 walionona zaidi. Mafuta yao yakawasha magogo, handaki likabomoka, kona ikaanguka nayo. Ilipojengwa upya ikafanywa ya mviringo. Hubert huyohuyo mwaka mmoja baadaye alikuwa ndani ya ngome ya Dover, safari hii akizingirwa yeye na jeshi la mwana wa mfalme wa Ufaransa, na hakuisalimisha. Kanisa kuu la Rochester, lililoanzishwa mwaka 604, liko ng'ambo ya barabara, na kuingia ni bure.

Lakini sababu yangu ya kuwaleta watu huku ni Chatham, kiwanda cha manowari kilichoanza mwaka 1567 na kufungwa mwaka 1984. Zilijengwa hapa meli kama 400. HMS Victory, meli ya Admirali Nelson kwenye vita vya Trafalgar, iliteremshwa majini hapa mwaka 1765. Mwaka 1667 Waholanzi walipanda mto huu, wakavunja mnyororo uliowekwa kuwazuia, wakachoma meli na kuondoka na meli kuu ya jeshi la majini la Kiingereza, Royal Charles, wakiikokota.

Sasa kuna meli nyingine iliyotoka chelezo za Chatham, mwaka 1840, ambayo sisi ndio wenye kuijua. Jina lake HMS London. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said, akiwa ametishiwa kufungiwa bandari, alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka uliofuata HMS London ikaletwa, ikatia nanga mbele ya mji, ikawa kituo: ghala, karakana, makazi ya mabaharia. Mashua zake ndogo zilitawanyika mpaka Pemba kuvizia majahazi. Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akipambana na jahazi lililobeba watumwa. Makaburi ya mabaharia wa Kiingereza wa enzi zile yako kisiwani Chapwani, ukitazama kutoka Forodhani. Meli yenyewe iliuzwa mwaka 1884 ikavunjwe. Na sisi hadi leo tunasema manowari, neno tulilolipata vinywani mwa mabaharia wale.

Sisemi haya ili tuwashukuru na kunyamaza. Kabla ya mwaka 1807, Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa, meli za viwanda hivihivi zililinda bahari ambazo Waingereza wenyewe walivushia Waafrika kwenda kwenye mashamba ya miwa, na mwaka 1890 ulinzi wa Unguja uligeuka utawala. Chatham ndipo mahali ambapo unaweza kuvishika vyote viwili kwa mkono. Chini ya sakafu ya karakana moja, mwaka 1995, zilikutwa mbao zaidi ya 200 za meli ya kale. Zilikuja kutambuliwa kuwa za HMS Namur, iliyojengwa hapahapa mwaka 1756. Katika meli hiyo alitumikia kijana wa Kiafrika, Olaudah Equiano, wakati yeye mwenyewe ni mtumwa wa afisa wa jeshi la majini. Baadaye alijinunua uhuru akawa mmoja wa sauti kubwa za kupinga biashara hiyo. Mbao zimeachwa palepale zilipolazwa, na unazitazama kwa juu. Nyingine bado zina alama za mafundi.

HMS London huwezi kuiona tena, lakini HMS Gannet ipo, ya mwaka 1878, iliyojengwa Sheerness, mdomoni mwa mto huuhuu. Ilifanya doria ya kuzuia watumwa katika Bahari ya Shamu. Panda sitaha yake ujue mabaharia wa zama zile walilala wapi na walikula wapi.

Shangazi yangu kutoka Wete alipokuja, nilipanga kumwonyesha hayo yote. Yeye akanasa kwenye jengo la kamba. Lina urefu wa mita 346, na kamba bado zinasokotwa humo kwa kuuzwa, kwa mashine ambazo nyingine ni za mwaka 1811. Ni refu kiasi kwamba mafundi hupanda baiskeli ndani kwenda upande wa pili. Nyuzi hutandazwa sakafu nzima, zinakazwa, kisha kigari kinatembea nazo zikijisokota mpaka kamba inajifumba mbele ya macho yako. Shangazi alichukua unyuzi kati ya vidole, akausugua, akaunusa. "Mwanangu, hii katani. Sie twafanya kwa usumba, na mashine ni paja." Akamweleza mwongoza wageni, mimi nikitafsiri, namna wanavyofukia makumbi ya nazi pwani miezi kadhaa, wakayafukua, wakayaponda kwa mchi, wakasokota kwa viganja. Mzee yule wa Kiingereza akavua kofia, akamwomba aonyeshe. Akaonyesha. Watu wakatuzunguka.

Mwongozaji naye akamwonyesha kitu ambacho sikuwa nakijua: uzi mmoja wa tofauti uliokuwa ukichomekwa ndani ya kamba za jeshi la majini, kila kiwanda na alama yake. Kamba ikiibwa, ukiifumua unaukuta uzi, na mwizi hana la kusema.

Ukiamua

Kwa mzee, Chatham ndiyo rahisi, kwa kuwa uwanja ni tambarare, ila asiingie kwenye nyambizi ya HMS Ocelot. Humo unapita matundu ya duara ukijikunja, na hakuna kurudi nyuma watu wakishakufuata. Watoto, kinyume chake, hawataki kutoka. Rochester ina njia fupi, lakini mnara wa ngome ni ngazi tupu. Canterbury pia ni tambarare, isipokuwa ndani ya kanisa lenyewe, lenye vidato vingi.

Mvua ikinyesha, futa Dover. Canterbury na Chatham zina mambo ya kutosha chini ya paa.

Upande wa nauli, treni za kasi za St Pancras zina nyongeza ya bei. Treni za kawaida, za kutoka Victoria kwa mfano, ni za taratibu na nafuu, lakini tiketi ya kawaida haikuruhusu kupanda ile ya kasi, kwa hiyo soma vizuri kilichoandikwa kabla hujalipa. Canterbury ni kama saa moja kwa treni ya kasi, Dover inazidi hapo kidogo. Chatham ndiyo ghali zaidi ukifika, kwa bei ya mlangoni, lakini utakaa kutwa nzima. Mwenye mfuko mwembamba aende Rochester tu: kanisa kuu bure, matembezi ya kando ya mto bure, na ngome unaweza kuitazama kwa nje, hata ile kona ya mviringo.

Wageni Waislamu mara nyingi huniuliza juu ya sala na chakula. Gillingham, kituo kimoja baada ya Chatham, kuna msikiti, na nyama halali haina shida.

Ukipata siku ya pili, usizirudie hizi mbili za Medway. Panda treni ya asubuhi kwenda Dover, umalize ngome kabla ya saa nane mchana, kisha rudi kwa kupitia Canterbury uwahi ibada ya jioni. Hapo utakuwa umetembea njia ya Mfalme Louis, kutoka baharini hadi kaburini, na ngazi zile zilizolika utaziona kwaya ikiimba.